Haridwar: Kwanza Taja Kijiji

Treni kutoka Delhi hadi Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu kaskazini mwa India, huchukua saa nne na nusu, tano hivi. Ukitoka tu stesheni, kabla hujapanda riksho ya umeme kwenda Har ki Pauri, penye ngazi za kushukia mtoni, madalali wanakuzunguka: "Umetoka wapi?" Usiwafuate. Ikiwa familia yenu ilishawahi kufika hapa, tayari ina purohita wake, yaani kuhani wa Kihindu, na ni yeye pekee mwenye daftari lenu la ukoo.

Nilikwenda kutazama kazi ya mapurohita hao, tangu mfiwa anapoketi mbele yao hadi mifupa na majivu vinapoingia Mto Ganga.

Swali la kwanza halihusu jina. Purohita anauliza kijiji. Madaftari yao, yaitwayo bahi, ni marefu na membamba, hukunjwa na kufungwa kamba, nayo yamepangwa kwa wilaya, kijiji na jamii. Ndani yake mna vizazi na vizazi: nani kamzaa nani, nani kaoa, nani kafa, nani alifika hapa na lini. Hapo ndipo wajukuu wa Wapunjabi waliokuja kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, wanapokwama. Wanasema "Nairobi", na Nairobi haimo kwenye faharasa. Anayetaka safari kama hii amuulize bibi kabla ya kukata tiketi: kijiji cha babu mzaa babu, jina la ukoo, na gotra, yaani nasaba ya kale ya upande wa baba. Hata kama kijiji kiliangukia Pakistan India ilipogawanywa mwaka 1947, kitaje kwa jina lake la zamani. Gotra ikiwa imesahaulika kabisa, kwa kawaida purohita hutumia Kashyapa.

Kisha linasomwa sankalpa, yaani tamko la nia. Purohita anatamka kipande kwa kipande, mfiwa anafuatisha: nchi, mto, mwaka wa Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu, mwezi, nusu yake ya mwanga au ya giza, tithi, siku ya juma, gotra, jina. Tithi ndiyo yenye mtego. Ni siku inayofuata mwendo wa mwezi wa angani, isiyoanza usiku wa manane; huweza kudumu saa 20 au kufika 26, na kubadilika katikati ya asubuhi. Ndiyo maana purohita makini hufungua kwanza panchanga, almanaki yake, wala hategemei kalenda ya ukutani.

Mikono ndiyo niliyoiangalia zaidi. Pete ya kusha, nyasi takatifu, huvaliwa kidole cha pete. Uzi mtakatifu, ambao katika ibada ya miungu hukaa bega la kushoto, huhamishiwa la kulia, na mfiwa hugeukia kusini. Maji yenye ufuta mweusi humiminwa yakipita kati ya kidole gumba na cha shahada. Wengi hukosea hapo: huyamwaga kwa ncha za vidole, na hiyo ni njia ya miungu, si ya wahenga. Purohita hakemei, hushika kiganja na kukiinamisha pembeni, maji yakaanza upya. Mabonge ya unga, pinda, nayo yana kanuni yake: maji yakizidi, yanavunjika kabla ya kutua juu ya kusha.

Kwenye ngazi za mto shika mnyororo. Maji ni ya baridi kali na yanavuta. Epuka majuma kati ya sikukuu za Dussehra na Diwali ikiwa unataka mto uliojaa, kwani mfereji wa Ganga unaoleta maji hapa hufungwa kusafishwa na maji hupungua sana.

Jua likizama huanza arati, ibada ya taa. Tambi zilizoloweshwa samli huwaka kwenye taa kubwa za shaba, na makuhani huzungushia mpini kitambaa kibichi, maana shaba yote hupata moto.

Kazi ya mfiwa huishia kwenye bahi. Purohita anaongeza jina la marehemu chini ya baba yake, anasoma kwa sauti majina ya watoto na wajukuu ili yasahihishwe, kisha anamkabidhi mgeni kalamu atie sahihi, tarehe, na mahali anapoishi. Nairobi inaandikwa hapo.