Namba "iliyolala" haipo: jinsi droo za bahati nasibu zinavyokwenda

Kwenye vibanda vya Kirumba jijini Mwanza, jirani na soko la Mwaloni, hukosi mtu mwenye daftari la namba zilizotoka wiki zilizopita, anasaka ile iliyolala muda mrefu akiamini zamu yake imefika. Anajichosha bure. Mpira hauna kumbukumbu, na kila droo huanza upya.

Chukua mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49. Mpira wa kwanza una nafasi 49, wa pili 48, hadi wa sita wenye 44. Zidisha zote, unapata 10,068,347,520. Kwa kuwa haijalishi ipi ilitangulia, gawanya kwa 720, yaani njia zote za kupanga namba sita. Inabaki michanganyiko 13,983,816. Ukikata tiketi moja kila siku, kufikisha idadi hiyo ni zaidi ya miaka 38,000. Kupatia namba tatu tu ni 1 kati ya 57, ndiyo maana walioshinda vijisenti hawakosekani mtaani. Powerball, bahati nasibu ya Marekani ya kuchagua namba 5 kati ya 69 na moja kati ya 26, nafasi ya zawadi kubwa ni 1 kati ya 292,201,338.

Mchezo wa tarakimu tatu, 000 hadi 999, una majibu 1,000 tu, lakini hapo mpangilio unahesabika. Katika majimbo mengi ya Marekani dola 1 hulipa 500, kwa hiyo nusu ya pesa yote inabaki kwa mwendeshaji tangu mwanzo. Ukicheza "mpangilio wowote", 472 inakupa njia 6 na 447 njia 3. Usifurahi mapema: malipo nayo hupunguzwa kwa kiasi hichohicho.

Mashine yenyewe ni kasha la kioo na mipira myepesi inayorushwa na hewa. Mipira hupimwa uzito kabla ya droo, na sababu iko wazi. Tarehe 24 Aprili 1980, huko Pennsylvania, wajanja waliidunga rangi kwa sindano mipira yote isipokuwa ya 4 na ya 6. Iliyozidi uzito ikashindwa kupanda. Ikatoka 666! Kilichowaumbua ni tiketi: michanganyiko ya 4 na 6 ilikuwa imenunuliwa kwa wingi usio wa kawaida.

Basi mchezaji ana uamuzi gani? Mmoja tu, nao ni kupunguza watu wa kugawana nao. Zawadi kubwa hugawanywa kwa wote waliopatia. Uingereza, 14 Januari 1995, washindi walikuwa 133, na zawadi ya pauni milioni 16 ikamwachia kila mmoja kama pauni 122,510. Wengi hucheza tarehe za kuzaliwa, hivyo namba 1 hadi 31 zina msongamano kama daladala ya Igoma saa kumi na mbili jioni. Kuchanganya na zilizo juu ya 31 hakuongezi nafasi ya kushinda hata chembe. Kunapunguza wagawanaji tu.

Ukiambiwa kwa simu kwamba umeshinda droo ambayo hukucheza, na utume kwanza "ada ya kutolea", huyo ni tapeli. Makato halali, kodi ikiwemo, hutolewa kwenye zawadi yenyewe. Mwendeshaji halali ana leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na mchezaji awe ametimiza miaka 18.

Kabla ya kuondoka kwa wakala, soma namba na tarehe ya droo. Mauzo hufungwa kabla ya droo kuchezwa, kwa hiyo tiketi ya dakika za mwisho huenda ni ya droo inayofuata. Andika jina nyuma yake, ipige picha, kisha usiiache kwenye dashibodi ya gari. Karatasi hiyo huchapwa kwa joto, na jua la Mwanza huigeuza nyeusi au kufuta maandishi, halafu wakala hana cha kuskani.