Siku moja maishani mwangu: laptopu ya mwalimu iliyobidi ipigwe windo upya

Saa 2 asubuhi. Nafungua mlango, mwalimu keshafika, laptopu kwapani. Anaeleza shida zake vizuri kweli: brauza ikifunguka inajipeleka yenyewe kwenye matangazo ya kamari, feni inapiga kelele hata kama hafanyi kitu, na antivairasi akiiwasha inajizima. Hilo la mwisho ndo lilinifanya niachane na habari za kuskani. Kirusi kikishaweza kuzima antivairasi mara nyingi maana yake kina mamlaka ya admini, yaani ya msimamizi wa mashine nzima, na chenye mamlaka hayo kinaweza kukuficha chochote, utaskani utaambiwa mambo safi kumbe bado kimo. "Fundi, nipigie windo yaishe," akasema, yaani nifute Windows yote niiweke upya. Nikamwambia tutapiga mwalimu, ila kwanza niambie humu ndani kuna nini ambacho hauko tayari kukipoteza. Matokeo ya wanafunzi na picha za familia, basi.

Watu wanadhani kazi ni kupiga windo. Hiyo ndo sehemu rahisi kuliko zote, kazi yenyewe iko kabla na baada.

Saa 3. Waifai ya laptopu yake nazima, asiwepo mtu wa kuichezea kwa mbali. Halafu kwenye mashine yangu iliyo safi, SIYO kwenye iliyoathirika, natengeneza flashi ya Windows kwa kile kiprogramu ambacho Microsoft wenyewe wanakitoa bure kwenye tovuti yao, flashi ya GB 8 inatosha. Windows ya kupewa na mtu ambaye hujui kaitoa wapi siigusi, huwezi kuosha nguo kwa maji machafu. Flashi ya pili naweka Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ile ya kuwashia tu bila kuinstoli.

Saa 4, bekapu. Hapa ndo huwa sina haraka kabisa. Nawasha laptopu kwa Ubuntu ili Windows yake ibaki imelala wakati nakopi, maana ikilala na kirusi kilichomo ndani yake kinalala. Diski ikagoma kufunguka, imefungwa na BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski, inataka ufunguo wa tarakimu 48. Mwalimu akaingia kwenye akaunti yake ya Microsoft kwa simu akaukuta umehifadhiwa kule, akanisomea taratibu. Ningekuwa nimekimbilia kufuta bila bekapu matokeo yote ya muhula yangekuwa yamekwenda.

Nachukua vile anavyovihitaji tu: docx, xlsx, pdf, jpg. Naacha exe, bat, vbs, js, scr, lnk, aina za mafaili zinazoweza kuendesha programu ukizibofya, na hata zile docm na xlsm zenye makro (vijiprogramu vya ndani ya faili) nazitenga pembeni hadi nizikague. Na kwenye folda ya vilivyoshushwa nikakikuta chenyewe, faili lina alama ya pdf na jina zuri tu, Matokeo_muhula.pdf, ila Ubuntu inaonyesha jina zima: Matokeo_muhula.pdf.exe. Windows kwa kawaida inaficha hicho kipande cha mwisho, kwa hiyo yeye aliona pdf, akabofya, ikajifungua programu. Mwalimu anayesubiri matokeo akiletewa faili lenye jina hilo atafungua tu, waliotengeneza wanajua kabisa wanamlenga nani na inaniuma sana.

Saa 6. Nachomoa diski ya bekapu kwanza, kabla sijafuta chochote, maana kwenye ile skrini ya kuchagua diski zote zinafanana na ukifuta isiyo yenyewe ndo imetoka. Kisha nawasha mashine nikibonyeza F12 (kampuni nyingine ni kitufe tofauti, kama Esc), nachagua flashi, nafuta mapatisheni (vigawanyo vya diski) yote mpaka inabaki nafasi tupu moja, naendelea. Ile riseti (Reset) ya ndani ya Windows, ya kuirudisha kama mpya, ni nzuri kwa mashine iliyochoka, ila kwa kirusi cha namna hii siitegemei, inaweza kujijenga kwa mafaili yaliyoko kwenye diski ileile. Alikuwa na Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ina TPM 2.0, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, nikaweka 11. Leseni haikusumbua, ya kwake imefungamana na mashine yenyewe, ukiingia intaneti inajitambua.

Kuna virusi vinavyokaa chini kabisa kuliko Windows, kama LoJax ambayo ESET, kampuni ya antivairasi, waliitangaza 2018, hiyo ilikuwa inajificha kwenye UEFI (programu ya kwenye ubao mama inayowasha mashine kabla ya Windows, wengi bado tunaiita BIOS) na hata ukibadilisha diski inarudi. Ni nadra sana kwa mtu wa kawaida, lakini apdeti ya BIOS naiweka na Secure Boot, ulinzi unaokataa kuwasha mashine kwa programu isiyotambulika, naiacha imewashwa.

Saa 8. Apdeti, draiva, apdeti tena, restati. Naskani bekapu nzima ndo narudisha mafaili, nawasha ile ya kuonyesha jina zima la faili, na namtengenezea akaunti ya kawaida ya kufanyia kazi, ya admini inabaki pembeni na paswedi yake.

Saa 10 jioni mwalimu karudi, anadhani anachukua mashine anaondoka. Nikamkalisha. Virusi vingi vya siku hizi vinachukua paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza pamoja na vidakuzi (vile vinavyokuacha umeingia kwenye akaunti bila paswedi), na vikishachukua vimechukua, kupiga windo hakurudishi kitu. Tukaanza na imeili, maana mwenye imeili yako anaweza kubadilisha paswedi za huko kwingine kote, tukaitoa kwenye vifaa vyote, tukaweka uthibitisho wa hatua mbili, kisha benki, kisha mitandao. Ilichukua muda kuliko kuinstoli Windows yenyewe na alivumilia vizuri.

Saa 11 na nusu akakumbuka flashi ya shuleni. Nikaichomeka kwenye Ubuntu: mafolda yote yamefichwa, juu yamewekwa mashotikati yenye majina yaleyale. Nikatoa mafaili halisi, nikaifomati, nikamrudishia. Kompyuta ya ofisini wanakochapia mitihani nayo ilichomekwa flashi hiyohiyo, kwa hiyo kesho asubuhi naenda nayo Ubuntu yangu kuiangalia, na nimemwomba awaambie wenzake wasichomeke kitu pale mpaka nifike.