Tulivyopata majina ya ubao wa heshima wa wanamichezo shuleni kwetu

Ule ubao ukutani pale bwaloni, wenye majina ya wanamichezo wa zamani na makocha wao, wengi wanadhani kazi ilikuwa hela. Hela haikuwa shida kihivyo bana, grupu letu la waliosoma pale lina watu wa kila aina, ukitupia namba ya kuchangia wanatuma tu, huyu buku kumi huyu laki. Kazi ilikuwa kujua nani aingie nani asiingie, maana ukiuliza nani aliwahi kwenda UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, wanajitokeza wote, hadi wale tunaojua kabisa walikuwa wanajificha bwenini ikipigwa filimbi ya mchakamchaka.

Wazo lenyewe nililitoa Iten, Kenya. Nilipita huko kikazi nikapelekwa kuiona St. Patrick's, shule ambayo mwanafunzi wao akija kuwa bingwa anapandiwa mti wenye jina lake. Peter Rono aliyechukua dhahabu ya mita 1500 Seoul 1988 katokea pale. Ila iliyonikaa kichwani ni habari ya Brother Colm O'Connell, katoka zake Ireland 1976 kuja kufundisha jiografia, ukocha wa riadha hajausomea popote, na ndo huyohuyo akaja kumnoa David Rudisha mpaka akapiga 1:40.91 kwenye mita 800 pale London 2012. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa michezo, naye alikuwa wa kilimo, filimbi alikabidhiwa tu kwa vile hakuna mwingine aliyeitaka. Ndo maana tangu mwanzo nikasema makocha lazima wawemo.

Kwa anayetaka kufanya hii shuleni kwao, wekeni masharti kabla jina la mtu yeyote halijatajwa. Majina yakishatajwa hamtakubaliana, kila mtu atavutia kwa rafiki yake. Sisi tulisema mwanafunzi awe alifika UMISSETA taifa, kuishia wilayani au mkoani haitoshi, au baadaye alichezea timu ya taifa. Halafu ushahidi: cheti, picha, au mashahidi wawili waliokuwa naye safarini ambao sio ndugu zake. Jamaa mmoja akaja juu, eti kwani Filbert Bayi naye mngemdai cheti? Nikamwambia Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500, 3:32.16, Christchurch 1974, John Walker yuko nyuma yake, hiyo dunia nzima inayo kwenye maandishi, sisi tunaongelea mtu aliyerusha mkuki Kibaha na kipimo kikabaki kichwani kwa refa.

Stoo ya shule haikutusaidia sana, daftari la michezo lilikuwa limeliwa na mchwa karibu lote. Vitu vya maana vilitoka majumbani kwa watu. Dada mmoja wa netiboli alituma picha ya timu yao, wako peku, namba za jezi ni vitambaa vilivyoshonwa kwa mkono na ile 4 imeshonwa kinyume kabisa, ila cha maana kilikuwa nyuma ya picha, mtu aliandika kwa peni nafasi zao uwanjani, GS, GA, WA, C, WD, GD, GK, na jina mbele ya kila moja. Hiyo picha ilituokoa, kwa sababu akina dada ndo walikuwa wagumu kuwapata, wengi wameolewa wakabadili majina, mtu unamtafuta kwa jina la shule kumbe kwenye simu za watu yupo kama Mama Fulani. Ubaoni tumeandika jina la shuleni kwanza halafu la sasa, ili hata wanawe wamtambue.

Kocha nikampigia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha, nikamsomea orodha. Akawa ananyamaza, anasema "eeh, huyo ndiye", tukafika kwenye jina moja akacheka. "Mwanangu, huyo hakukimbia. Huyo alikuwa anabeba ndoo ya maji." Sasa hilo jina ni la mtu aliyechangia kuliko wote! Tulimpigia wenyewe kabla hajasikia pembeni, tukamwambia alivyosema mwalimu na kwamba mchango wake tuko tayari kumrudishia. Hela alikataa, akaleft grupu, baadaye akarudi kimyakimya na hakuna aliyemuuliza kitu.

Kitu kingine, mwanzoni mwa miaka ya 2000 pako tupu. Ile miaka michezo ya mashuleni ilisimamishwa nchi nzima, kwa hiyo kuna vijana walikuwa moto lakini hawana walikopelekwa. Fundi alitaka asogeze majina kuziba, ubao upendeze, nikakataa, paache hivyohivyo.

Kuhusu ubao wenyewe msichapishe flex, lile bango la plastiki, jua likipiga unapauka mapema tu. Sisi ni mninga uliopigwa vanishi, na kila jina lina kibao chake kidogo cha skrubu mbili, likikosewa unafungua hicho kimoja. Na kibali msikubali cha mdomo, ombeni kwa barua na bodi ya shule iingize kwenye muhtasari wa kikao, maana wakuu wa shule wanahamishwa, mpya akija asiyejua habari zenu anaweza kuutoa apachike picha ya mahafali.

Awamu ya pili ni wavu na kikapu, majina tunapokea hadi kabla ya mahafali ya kidato cha nne. Mwenye cheti au picha atume pande zote mbili, mbele na nyuma.