Kabla ya kulipia chumba, uliza mbwa atalala wapi

Piga simu kwenye nyumba ya wageni yoyote kati ya Iringa na Kyela, uliza kama wanapokea mgeni mwenye mbwa. Mara nyingi utajibiwa "hakuna shida". Usitume hela bado. Anayekujibu hakudanganyi, ila kichwani mwake yupo mbwa wa kufungiwa bandani nyuma ya jiko pamoja na mbwa wa ulinzi, na kichwani mwako yupo mbwa anayelala chumbani na wewe. Tofauti hiyo mtaijua saa mbili usiku, mvua inanyesha, watoto wamesinzia kwenye gari.

Sisi tunaishi Uyole, na mbwa wetu ni Tomi, koko wa rangi ya udongo mwekundu. Hatumwachi kwa jirani kwa sababu akiachwa hali chakula. Kwa hiyo likizo zetu zote, iwe Tukuyu, Matema au Njombe, zinaanza na simu, na ninayepiga ni mimi kwa sababu mume wangu akiambiwa hakuna shida anashukuru na kukata.

Swali langu la kwanza ni hilo la kulala. "Atalala wapi?" Halafu nanyamaza nisikilize. Mwenyeji akisema "tutamtafutia sehemu", hiyo sehemu haipo. Kuna nyumba moja upande wa Njombe walisema hivyo hivyo, tulipofika wakatufungulia stoo yenye jenereta na madebe ya dizeli. Tuliondoka tukalala mji mwingine. Akisema "chumba namba fulani kina mlango wa nje na sakafu ya saruji, mtamweka humo humo", huyo amewahi kukaa na mgeni mwenye mbwa.

Swali la pili watu wengi hawalijui, na kwangu ndilo kubwa: mbwa wenu wa ulinzi mnawafungua saa ngapi? Huku kwetu nyumba nyingi zenye geti zina mbwa wakali, mchana wamefungwa, usiku wanaachiwa uwanjani. Hawamjui mgeni wako. Ukimtoa kukojoa saa sita za usiku umemtoa vitani. Nataka mlinzi aniahidi, kwa jina lake, kwamba hawataachiwa kabla hatujarudi ndani, na asubuhi watafungwa kabla hatujatoka. Nauliza pia kama wamechanjwa. Kama una mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo, mimi ningekushauri usiende naye kabisa, maana virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi mingi baada ya mbwa mgonjwa kuondoka, na uwanja unaweza kuonekana safi kabisa.

La tatu, sumu ya panya. Nyumba za mashambani zina panya, hasa wakati wa mavuno, na mhudumu anaweka sumu chini ya kitanda au nyuma ya kabati akiwafikiria wageni wenye miguu miwili tu. Tukifika, kabla mzigo haujashushwa, nainama na tochi. Wahudumu wanashangaa. Nawaeleza, wanaelewa.

Simu nzuri kuliko zote niliwahi kupiga kwa mama mmoja mwenye vyumba vichache karibu na mashamba ya chai ya Rungwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Nilipomweleza habari za Tomi hakusema hakuna shida. Aliuliza yeye: "Anakimbiza kuku?" Nikamwambia ukweli, kwamba kuku anawatazama sana. Akasema, "Basi njoo na kamba, na mimi kuku nitawafungia upande wa pili mpaka mchana. Na siafu unawajua? Msimu huu wapo. Usimfunge nje usiku."

Nilijua hapo hapo tumepata nyumba. Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania, na udongo ukilowa siafu wanahama kwa makundi makubwa. Mbwa aliye huru atakimbia. Mbwa aliyefungwa kwenye mti hana pa kwenda, na wanaingia puani na masikioni. Mwenyeji anayekumbuka kukwambia hilo bila kuulizwa, mlipe bei anayotaka.

Kitu kingine cha Rungwe ni parachichi. Msimu ukifika yanaanguka yenyewe chini ya miti, na mbwa wengi wanayapenda. Nyama yake kidogo haijamdhuru Tomi, lakini kokwa likimezwa linaweza kukwama kwenye utumbo, na hapo ni upasuaji. Kwa hiyo nauliza pia miti iko upande gani wa uwanja. Na kama unatoka Dar es Salaam na umenunua gunia la vitunguu pale Ruaha Mbuyuni kama wasafiri wote, lifunge vizuri na liweke mbali naye, kwa sababu kitunguu, kibichi au cha kupikwa, kinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Juu kule Njombe na Makete hoja ni baridi. Mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi nyasi zina barafu, na koko wetu wana manyoya mafupi. Nabeba blanketi lake na gunia tupu la kutandika chini, sakafu ya saruji isimguse. Wenyeji kwa wema wao watakuletea jiko la mkaa chumbani. Shukuru, kisha liache nje. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na wewe na mbwa wako mnaweza msiamke.

Matema ni dunia nyingine. Ukishateremka mpaka ziwa Nyasa baridi imeisha, na mambo ya kuuliza yanabadilika: kupe, funza kwenye mchanga, mamba. Kila jioni nampapasa Tomi masikioni na kati ya vidole vya miguu. Kuhusu mamba nawauliza wavuvi, siyo mapokezi. Wavuvi watakuonyesha kwa kidole mahali pa kuogea na mahali pa kupita mbali, hasa karibu na midomo ya mito. Hosteli za makanisa kule nimeziona nzuri kwa familia, zina uwanja mpana na watu watulivu, ila nyingi hazina uzio upande wa maji, kwa hiyo kamba haitoki mkononi.

Sasa hifadhi. Kila mara nasikia mtu akipanga kwenda Kitulo kuona maua au Ruaha kuona simba "na mbwa atabaki kwenye gari". Haiwezekani. Hifadhi za taifa hazipokei wanyama wa kufugwa, hata wakiwa ndani ya gari, na mimi sheria hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao ni ugonjwa wa mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Ruaha wapo mbwa mwitu, ambao duniani wamebaki wachache, na kichaa cha mbwa au distempa ikiingia kwenye kundi lao inaweza kulimaliza. Kwa hiyo lala nje ya hifadhi, kwa mfano Matamba kwa ajili ya Kitulo au Tungamalenga kwa ajili ya Ruaha, mkapeane zamu. Mimi naenda na watoto leo, mume wangu anabaki na Tomi, kesho tunabadilishana. Na kwa wanaotoka Dar, barabara kuu inakata katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama hamsini. Msimamishie mbwa Doma, akojoe huko, kisha asishuke tena mpaka Mikumi mjini.

Nizungumzie na wenyeji Waislamu, kwa sababu nimeona wageni wakikosa adabu hapa. Kwa Waislamu wengi wa kwetu mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mwenye nyumba akikwambia kwa upole kwamba hawezi kukupokea, mshukuru kwa kukueleza mapema. Akikupokea, usimlishe mbwa kwenye sahani yake hata kama ni ya plastiki. Tomi ana bakuli lake, maji yake na ugali wake wa dagaa ambao tunasonga wenyewe kwenye jiko dogo la gesi.

Kadi ya chanjo ya kichaa naibeba kwenye mkoba pamoja na leseni ya gari, na naionyesha mapokezi kabla sijaombwa. Watu wanaogopa mbwa, na wana sababu; kichaa kinaua, na karibu wagonjwa wote wamekipata kwa mbwa. Wakiona muhuri wa daktari wa mifugo wa mwaka huu, mabega yanashuka. Kadi hiyo imewahi kutufungulia chumba ambacho dakika chache kabla kilikuwa kimejaa.

Pasaka tunafikiria Mufindi, upande wa mashamba ya chai. Natafuta nyumba ya kupanga yenye jiko la kupikia, uzio uliozibwa mpaka chini (michongoma peke yake haitoshi, Tomi anapenya) na mlinzi anayekubali kufunga mbwa wake. Kama unaijua moja, niandikie, na uniambie kwanza wanapuliza dawa kwenye chai siku zipi.