Kutunza Ukoka Calgary

Hapa Calgary, mji wa Kanada, naamini ukavu huuumiza ukoka kuliko baridi yenyewe, kwani upepo wa joto uitwao Chinook huyeyusha theluji hata katikati ya Januari na kuziacha nyasi wazi, kisha baridi kali hurudi ghafla. Kwa sababu hiyo mimi humwagilia maji mengi mwanzoni mwa Oktoba, kabla ardhi haijaganda. Majira ya joto, maji ya kimo cha milimita 25 kwa wiki, yakitolewa alfajiri kwa mara moja au mbili, huifanya mizizi ishuke chini. Ya kidogo kidogo kila siku huiacha juu, ambako hukauka upesi. Sikati nyasi chini ya sentimita 7. Mwezi wa Aprili husubiri udongo ukauke, kwa maana kupitisha reki kwenye ardhi iliyolowa hung’oa machipukizi, na kwa haraka hiyo nilipoteza kona nzima.