Muuguzi wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) baada ya tukio baya

Mpira wa kupumulia ukichomoka wakati wa kumgeuza mgonjwa, au dripu ya potasiamu ikikimbizwa kupita milimoli 10 kwa saa bila monita ya moyo hadi moyo ukasimama, wote humkimbilia mgonjwa. Ni sawa kabisa. Ila muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda pale huachwa amalizie zamu mikono ikitetemeka, na hapo kosa la pili hunyemelea: anahakiki dozi moja mara nne, ya kitanda cha jirani inapitiliza saa yake.

Mwaka 2000 daktari Albert Wu wa Marekani alimwita mhudumu huyu mwathirika wa pili. Hapa Dodoma, hata usiku wenye watu wachache, kiongozi wa zamu amtoe kazini dakika 15, mwenzake amshikie wagonjwa. Kwenye ripoti muuguzi aandike kilichotokea na saa, basi, lawama zisubiri. Asirudi nyumbani Nkuhungu peke yake kwa bodaboda. Kumbana asimulie yote siku hiyohiyo hakusaidii, na Shirika la Afya Duniani halikushauri. Akikosa usingizi na picha za tukio zikamrudia zaidi ya mwezi, aende Mirembe, hospitali ya afya ya akili. Na nyie wenzake, utani wa Mirembe uwekeni kando.