Niliunda hotrodi ya Model A: mambo niliyoyakagua kabla ya kulipa na kabla ya kufunga

Hotrodi ni gari kuukuu lililofumuliwa na kuongezwa nguvu. Ya mtindo wa zamani ina sharti moja: karibu kila kifaa kiwe cha aina ambayo kijana wa California mwaka 1950 angeweza kuifungua kwenye gari kuukuu. Mimi nilichagua bodi ya Ford Model A ya 1931 na injini ya V8 ya Ford (silinda nane) yenye valvu za pembeni.

Bodi nilizikagua kwa sumaku. Isiponata chini ya mlango au nyuma ya tairi, hapo pana puti (kijazio cha kuficha mashimo) nene na kutu. Namba ya chesisi ya Model A imegongwa juu ya reli (boriti ya chesisi) ya kushoto, na bodi huifunika. Nililinganisha namba hiyo na ile ya kwenye hati ya umiliki kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikataa kulegeza boliti za bodi ili uione, ondoka.

Injini ndiyo inayokula pesa. Katika V8 hii moshi wa moto hupita ndani ya bloku, kando ya maji, ndiyo maana huchemsha. Silinda mbili za katikati kila upande hutumia tundu moja la moshi, kwa hiyo joto hujaa hapo, na nyufa hutokea kati ya kiti cha valvu na silinda. Nilichukua bloku ya 1949–1953, lita 3.9. Fundi aliichemsha, akatoa kutu na mchanga uliobaki tangu bloku ilipomiminwa kiwandani kwenye njia za maji, akaipima nyufa kwa sumaku na unga wa chuma, kisha akaijaribu kwa shinikizo. Pistoni usinunue kabla ya hapo! Nyufa zikionekana baadaye, hasara ni mara mbili. Niliweka krenki ya Mercury (chapa nyingine ya kampuni ya Ford) yenye mwendo wa pistoni wa milimita 101.6 badala ya 95.25, ujazo ukafika lita 4.2. Krenki hiyo inataka pistoni zake, kwa sababu za Ford zitapanda juu mno.

Reli za Model A ni nyembamba na wazi upande mmoja, V8 huzipinda. Nilizifunga kwa bati la milimita 3, nikichomelea vipande vya sentimita 3 huku nikiruka kutoka upande hadi upande, na kupima ulalo wa kona kila mara. Ukichomelea mstari mrefu kwa mkupuo, chesisi inajikunja.

Breki za fito za chuma nilizitoa, nikaweka za mafuta za Ford za 1939–1948. Masta silinda (pampu kuu ya breki) mpya ya vyumba viwili, ikikaa chini ya sakafu, inahitaji valvu ya kubakiza shinikizo la psi 10 (psi ni ratili kwa inchi ya mraba). Bila hiyo pedali huzama mguso wa kwanza.

Usukani ukitetemeka, anza na kingpini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia), ndipo uangalie mlalo wake wa kurudi nyuma: nyuzi 5 hadi 7. Matairi ya mbele yabane ndani milimita 3 hivi, yaani yakaribiane zaidi mbele kuliko nyuma.

Kabureta mbili za Stromberg 97 hazivumilii pampu kali. Zaidi ya psi 2.5 hivi petroli hufurika, kwa hiyo nilifunga kipunguza shinikizo. Nilibaki na umeme wa volti 6, chanya kwenye bodi, kwa waya nene ya stata. Waya nyembamba ya volti 12 huifanya stata izunguke kivivu.

Hedi (vifuniko vya silinda) za aluminiamu nilizikaza upya injini ikiwa imepoa kabisa, baada ya kila mzunguko wa joto, mara tatu.